Flashi ya kifalme mtandaoni: chungu hujengwa kabla ya karata ya mwisho

Ree, mfalme, malkia, jeki na kumi, zote za shupaza. Hiyo ndiyo flashi ya kifalme. Kwenye poka hakuna mkono unaoupita huo, na anayeupata kwenye skrini ya simu akiwa Chang'ombe au Area C hapa Dodoma anapewa sekunde chache tu za kuamua afanye nini nao. Wengi huziharibu sekunde hizo. Wanapita, yaani hawaweki dau, ili wamvute mpinzani, mpinzani naye anapita, karata inayofuata inafunguka, anapita tena, na mwisho wanaondoka na chungu (fedha zote zilizowekwa mezani) kisichofika hata bei ya chipsi mayai. Mkono unaokuja mara moja kwa miezi, umelipwa kama jozi ya tisa.

Ninaandikia watu wanaoijua poka ya Hold'em: karata mbili za mkononi, tano za mezani. Mezani zinafunguliwa tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano, na kila hatua ina mzunguko wake wa dau. Unaweza kupita, kuweka dau, kufuata, kupandisha au kutupa. Aliyezoea arubastini au last card kijiweni atashika haraka, ila aache mlangoni lile wazo la turufu. Kwenye poka shupaza haiishindi kopa, uru wala pau. Aina zote nne ni sawa.

Kwanza uadimu wenyewe. Pakiti ya karata 52 inatoa mikono 2,598,960 tofauti ya karata tano, na flashi za kifalme ndani yake ni nne tu, moja kwa kila aina. Gawanya, unapata moja kati ya 649,740. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Ukimgawia kila mkazi, kuanzia mtoto wa Nkuhungu hadi mzee wa Kikuyu, karata tano kutoka pakiti iliyochangwa upya, utegemee mtu mmoja tu jiji zima aipate.

Hold'em inakupa karata saba za kuchagua tano, kwa hiyo mambo yanalegea. Kuna mchanganyiko 133,784,560 wa karata saba, na 4,324 kati yake una flashi ya kifalme. Hiyo ni moja kati ya 30,940. Uwanja wa Benjamin Mkapa ukijaa watu 60,000 na kila mmoja akapewa karata zake saba, wataipata wawili hivi.

Lakini namba hiyo ya 30,940 inawapotosha watu, kwa sababu inachanganya vitu vitatu visivyofanana hata kidogo kwa upande wa fedha. Zigawe flashi zote za kifalme za Hold'em mafungu 21. Kumi zinatumia karata zako zote mbili za mkononi. Kumi zinatumia moja tu, nne ziko mezani kila mtu anaziona. Na moja iko mezani karata zote tano, hujachangia chochote. Zile za kwanza, zenye karata mbili zilizofichwa, ndizo zenye hela, na hizo zinakuja mara moja kwa kila mikono 64,974. Meza moja ya mtandaoni yenye watu sita inakwenda kama mikono 70 kwa saa. Ukifungua meza nne kwa pamoja ni 280. Kufikia 64,974 unahitaji saa 232, yaani saa mbili kila usiku kwa karibu miezi minne, na hapo tunadhani hukutupa mkono hata mmoja wenye nafasi kabla ya karata ya tano. Hata baada ya mikono yote hiyo, bado kuna karibu asilimia 37 ya kutoiona kabisa. Anayekwambia "imekaribia kutoka" hajui anachosema. Karata hazina kumbukumbu ya usiku wa jana.

Sasa jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha, na ndilo linalobadilisha namna nzima ya kuucheza mkono huu.

Chukua una ree na mfalme wa shupaza. Unasubiri malkia, jeki na kumi. Karata hizo tatu zinaweza kukaa kwenye nafasi tano za mezani kwa njia kumi, na kila njia ina uzito sawa. Njia moja tu kati ya kumi zinatoka zote tatu mwanzo. Njia tatu, ya mwisho inatua kwenye karata ya nne. Njia sita, inatua kwenye karata ya tano. Maana yake asilimia 60 ya flashi za kifalme za karata mbili za mkononi hukamilika wakati umebaki mzunguko mmoja tu wa dau. Habari zote za kujificha na kumtegea mtu mtego zinahusu ile moja kati ya kumi. Kwa zile sita, chungu kitakachokuwepo karata ya tano ikifunguka ni kile ulichokijenga kabla, ulipokuwa bado huna kitu kamili.

Tuweke namba. Dau dogo la lazima ni 50, kubwa ni 100, na kila mchezaji ana 10,000 mbele yake. Unapandisha hadi 250, aliye kwenye dau kubwa anafuata, wengine wanatupa. Chungu ni 550, kila mmoja amebaki na 9,750.

Ukiweka theluthi mbili ya chungu kila hatua na akafuata kila mara, dau zako ni 370, kisha 860, kisha 2,000. Chungu cha mwisho ni 7,010. Ukipita hatua ya kwanza ili "usimtishe", halafu ukaendelea kwa kiwango hicho hicho, dau ni 370 na 860 tu, chungu kinaishia 3,010. Kupita mara moja kumekugharimu 2,000 za mpinzani. Si 370 ile uliyoiruka, ni 2,000, kwa sababu chungu hukua kwa kuzidisha na kila hatua inabeba uzito wa iliyotangulia.

Ukiweka chungu kizima kila hatua, dau ni 550, 1,650 na 4,950, na chungu cha mwisho ni 14,850. Ukitaka zote 9,750 ziingie bila kuruka kiwango, unahitaji kama asilimia 116 ya chungu kila hatua: 640, halafu 2,120, halafu 6,990 zilizobaki. Wachezaji wa madau madogo mtandaoni huwa hawaangalii ukubwa wa dau ukilinganisha na chungu. Wanaangalia wana nini mkononi. Kwa watu wa namna hiyo dau kubwa hulipwa mara nyingi kuliko unavyodhani, na mimi ningeanza na chungu kizima bila wasiwasi.

Je, inafaa kujenga chungu wakati bado unasubiri? Inafaa, ila si kwa sababu ya flashi ya kifalme. Mezani kuna jeki na kumi za shupaza na nne ya uru, wewe una ree na mfalme wa shupaza. Malkia wa shupaza peke yake, kwa karata mbili zilizobaki, anakuja mara 2 kati ya 47, yaani asilimia 4.3. Hiyo haitoshi kulipia chochote. Kinacholipa ni jumla: shupaza tisa zilizobaki zinakupa flashi (karata tano za aina moja), malkia watatu wa aina nyingine wanakupa mfululizo (karata tano zinazofuatana) hadi ree. Karata 12, na uwezekano wa kupata angalau moja ni asilimia 45. Juu yake kuna ree tatu na wafalme watatu wa kukupa jozi kubwa. Mkono huo ni wa kuweka dau na kupandisha, kwa sababu mpinzani akitupa umeshinda, na akifuata una karibu nusu ya njia. Flashi ya kifalme ikija, imekuta chungu kinene. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kosa la upande wa pili ni kuifukuza yenyewe. Imebaki karata moja, mpinzani ameonyesha wazi ana fulu (tatu za namba moja na jozi), flashi ya kawaida haikusaidii tena, unataka malkia wa shupaza tu. Nafasi ni 1 kati ya 46. Ili kufuata dau la 500 kusikutie hasara, unahitaji kushinda angalau 22,500 ikija. Meza ya 10,000 kwa mtu haina hela hiyo. Tupa.

Turudi kwa aliyekwisha kuipata. Swali la maana kuliko yote ni: nani atakulipa? Flashi ya kifalme haina bei yake yenyewe. Inalipwa kwa ubora wa mkono wa mwenzako, na ubora huo unategemea karata ulizozishika wewe.

Una ree na mfalme wa shupaza, mezani malkia, jeki na kumi. Umekamata karata mbili ambazo mpinzani angezipenda kuliko zote. Mtu mwenye ree moja ya shupaza angefuata mpaka mwisho akingoja flashi kubwa, lakini ree iko kwako. Wamebaki wenye shupaza mbili ndogo, mchanganyiko 28, na mingi kati yake watu walishaitupa kabla ya karata za mezani. Kuna wenye watatu wa malkia, jeki au kumi, mchanganyiko 9. Kuna wenye ree na mfalme wa aina nyingine, 9, na wenye mfalme na tisa, 12. Kuna wenye jozi mbili. Si haba, lakini wengi wao wakiona shupaza tatu mezani wanaanza kukanyaga breki.

Geuza: wewe una jeki na kumi za shupaza, mezani ree, mfalme na malkia za shupaza. Hapa watu walioingia kwa nguvu tangu mwanzo ndio waliogongwa vizuri na meza. Mwenye ree mbili sasa ana tatu. Mwenye wafalme wawili, vivyo hivyo. Mwenye ree na mfalme ana jozi mbili za juu kabisa. Mikono hiyo ndiyo watu wanayoipandishia kabla ya karata za mezani, kwa hiyo chungu kimeshanenepa, na wenyewe hawawezi kuamini wamepigwa. Kwa hesabu ya faida, jeki na kumi za aina moja ni njia nzuri zaidi ya kufika kwenye flashi ya kifalme kuliko ree na mfalme, ingawa kwa mambo mengine yote ree na mfalme ni bora mbali.

Mteja mkubwa kuliko wote ni meza yenye jozi. Meza ikiwa na jozi, mpinzani anaweza kuwa na fulu au hata wanne wa namba moja, na mtu mwenye mkono huo hatupi. Kwenye mashindano makuu ya World Series of Poker ya mwaka 2008, Motoyuki Mabuchi alikuwa na ree nne, akaweka zote, akakutana na flashi ya kifalme ya Justin Phillips. Hakuna kosa alilofanya. Ukiwa upande wa Phillips, na meza ina jozi, na mpinzani anapandisha juu ya dau lako, usifuate tu kwa kuogopa kumfukuza. Pandisha tena. Mtu mwenye fulu ataingia mwenyewe.

Flashi ya karata moja ni habari nyingine. Mezani ree, mfalme, malkia na jeki za shupaza, wewe una kumi. Kila mtu mezani anaona kinachowezekana. Hapo anayeweza kukulipa ni mwenye shupaza moja yoyote, na zimebaki nane, au fulu ikiwa karata ya tano imeleta jozi. Weka nusu ya chungu au chini kidogo. Ukiweka zote, watu wanaosoma meza watatupa. Kuna wachezaji wa madau madogo wanaofuata chochote wakiwa na flashi, na kama umeshamwona mpinzani wako akifanya hivyo usiku huohuo, hapo ndipo upandishe kiwango. Bila ushahidi huo, dogo linalolipwa ni bora kuliko kubwa linalotupiwa.

Na ile moja kati ya 21, iliyolala mezani yote: wote mnagawana. Hapa watu hutupa kwa hofu, hasa wanaochezea simu yenye skrini ndogo wakiangalia karata zao mbili badala ya meza. Mtu anaweka zote, mwingine mwenye jozi ya tatu anatupa, na alikuwa na haki ya nusu ya chungu. Usitupe kamwe. Ila jua pia kwamba kila dau linaloongezeka hapo linaongeza kamisheni ya nyumba, yaani ya kampuni inayoendesha mchezo. Chungu cha 2,000 kikikatwa asilimia 5, zinabaki 1,900, kila mmoja anachukua 950 aliyoingiza 1,000. Mmefungana na wote mmepata hasara. Kama kamisheni imeshafika kikomo chake, kuweka dau hakukugharimu kitu, na mpinzani mzembe anaweza kukuachia nusu yake.

Wanaocheza Omaha, poka ya karata nne za mkononi, waangalie hapa. Omaha inakulazimisha kutumia karata mbili za mkononi na tatu za mezani, si zaidi si pungufu. Mezani kukiwa na nne za kifalme na wewe una ya tano, huna flashi ya kifalme. Una flashi ikiwa tu una shupaza ya pili mkononi. Watu hupoteza fungu zima hapa kila siku kwa sababu macho yao yamezoea Hold'em. Kwa upande mwingine, karata nne za mkononi zina jozi sita za kuchagua, kwa hiyo flashi ya kifalme ya Omaha huja mara moja kwa kila mikono 10,829. Na kwa kuwa wapinzani nao wana karata nne, mara nyingi kuna mtu mwenye kitu cha kukulipa.

Neno "usiopigika" nalo litumike kwa uangalifu. Mezani mfalme wa kopa, saba ya uru na mbili ya pau: anayeshika wafalme wawili ana mkono bora kuliko wote kwa wakati huo. Karata ya nne ikiwa saba, mwenye saba mbili ana nne na amempita. Mfululizo usiopigika huwa unapigika meza ikileta shupaza ya tatu. Hata flashi ya mfululizo inaweza kupitwa na kubwa zaidi, mezani kukiwa na tisa, kumi na jeki za kopa na wewe una saba na nane. Flashi ya kifalme peke yake hufunga hesabu kuanzia dakika inapokamilika. Ndiyo maana ukiipata mapema huhitaji kumlinda mtu asipate karata, na wanaoshauri kujificha hujenga hoja yao hapo. Hoja ni sahihi nusu. Huna haja ya kumfukuza mpinzani, kweli, lakini bado unahitaji hela yake, na hela yake haiingii kwenye chungu bila mtu kuweka dau.

Kuna wakati mmoja ninakubali kupita: umeipata kwenye karata tatu za mwanzo, mpinzani ndiye aliyepandisha kabla, na umeshamwona anaweka dau kila mara akipitiwa. Mpitie, aweke, ufuate. Hatua inayofuata fanya vivyo hivyo mara moja zaidi, halafu karata ya mwisho pandisha. Kama ni mtu wa kupita akipitiwa, weka mwenyewe tangu mwanzo. Na ukiwa wa mwisho kuongea baada ya karata ya tano, kupita ni hasara tupu. Hakuna mzunguko mwingine.

Kuhusu kompyuta "kupanga" karata. Malalamiko haya yapo kila kijiwe, na yana mzizi wa kweli wa zamani. Mwaka 1999, poka ya fedha mtandaoni ikiwa na umri wa mwaka mmoja na ushee, wataalamu wa programu walionyesha kwamba mfumo wa kuchanga uliokuwa unatumika ulikuwa na tundu. Pakiti ya karata 52 inaweza kupangika kwa namna nyingi kiasi kwamba idadi yake ina tarakimu 68. Mfumo ule ulianzia kwenye namba isiyozidi bilioni 4.3 hivi, na namba yenyewe ilitoka kwenye saa ya kompyuta, milisekunde tangu usiku wa manane, yaani 86,400,000 tu kwa siku. Ukiona karata chache za mwanzo, unaweza kukisia zilizobaki. Tundu hilo liliwafundisha watu. Kampuni makini sasa huchota nasibu kutoka vyanzo vya kimaumbile na hukaguliwa na maabara za nje.

Kinachofanya mtandaoni paonekane na maajabu mengi ni kasi. Meza ya ana kwa ana hutoa mikono 25 hadi 30 kwa saa. Meza nne za mtandaoni hutoa mara tisa hadi kumi na moja ya hapo, kwa hiyo maajabu ya mwaka mzima unayaona kwa mwezi na ushee. Na kwa kweli karata za kijiweni ndizo zisizochangwa vizuri. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kwamba kuchanga kwa kuingiza nusu moja ndani ya nyingine kunahitaji kama mara saba kabla pakiti haijachanganyika sawasawa. Pale Sabasaba tunachanga mara mbili, tunakata, tunagawa, na karata zilizokuwa pamoja mchezo uliopita zinarudi pamoja.

Sasa mambo yanayoharibu mkono huu hapa kwetu, na mengi hayahusu poka hata kidogo.

Umeme ukikatika, ruta inazima, na kompyuta yako yenye betri inabaki hai bila mtandao. Mfumo hausubiri. Muda wako ukiisha na mbele yako kuna dau, karata zako zinatupwa, hata kama ni flashi ya kifalme. Kama hakuna dau, unapitishwa. Kwa hiyo kabla ya kukaa mezani hakikisha simu yenye bando iko tayari kuwasha hotspot, na kompyuta imeshaunganishwa nayo angalau mara moja ili ijiunge yenyewe. Angalia LUKU inasoma yuniti ngapi. Kuishiwa yuniti katikati ya mkono si kukatika kwa umeme, ni uzembe unaoepukika.

Anayechezea simu ajue kwamba baadhi ya simu hukata data wakati wa kupigiwa, kwa sababu sauti inashuka kwenye mtandao wa zamani. Mama akipiga wakati dau liko mbele yako, umepoteza. Dawa yake ni kutumia laini ya data kwenye kifaa kingine na simu ya kupigiwa ikae pembeni. Zima pia hali ya kuokoa betri kwa programu ya poka, maana baadhi ya simu huifunga ikikaa nyuma kwa dakika moja.

Halafu kuna vibonye. Programu nyingi zina kisanduku cha kuamua mapema, "pita au tupa", unachokitiki kabla zamu yako haijafika. Mtu anakitiki akiwa na mkono mbovu, karata inafunguka, mkono unageuka dhahabu, na kisanduku bado kina tiki. Usikitumie ukiwa na karata mbili za juu za aina moja, hata kama hatua hiyo huna kitu. Kiasi cha dau andika kwa namba badala ya kuburuta kidole, maana mburuto wa jasho la Novemba umewahi kugeuza 2,000 kuwa 200 kwa wengi. Na usibonyeze papo hapo. Tumia muda uleule unaoutumia siku zote, sekunde nne au tano, ili mpinzani asisome chochote. Kusubiri hadi sekunde ya mwisho kwa mtandao wetu ni hatari isiyo na faida.

Kwa mapato yako ya jumla, mkono huu ni mdogo mno. Hata kila flashi ya kifalme ya karata mbili ikikupa madau makubwa ya lazima 100 kamili, ukigawa kwa mikono 64,974 unapata dau 0.15 kwa kila mikono 100. Kamisheni peke yake, kwenye meza za madau madogo, inakula dau kubwa kadhaa kwa mikono hiyohiyo. Kwa hiyo usikae mezani kuisubiri, na usipande meza ya juu kuliko mfuko wako baada ya kuipata.

Bonasi za flashi ya kifalme zina masharti, soma kabla. Mara nyingi wanataka zote mbili za mkononi zitumike, dau la lazima lifikie kiwango fulani, na wakati mwingine watu wasiopungua idadi fulani wawe wamegawiwa karata. Kampuni iwe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyopo kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa. Kwa tovuti isiyo na leseni huna pa kulalamikia, hata ukiwa na picha kumi za skrini.

Picha piga hata hivyo, na ipige ikionyesha namba ya mkono, ile tarakimu ndefu inayokaa pembeni mwa meza au kwenye kumbukumbu za michezo. Picha bila namba hiyo haithibitishi kitu kwa huduma kwa wateja. Pakua na maandishi ya mkono mzima, kwa sababu programu nyingi hufuta kumbukumbu baada ya muda. Jina la akaunti lifanane na kitambulisho chako cha NIDA na laini ya simu utakayotolea fedha. Herufi moja ikipishana, malipo yanasimama hadi utume nyaraka upya. Uhakiki huo ufanye siku unayofungua akaunti, kabla hujaweka hata shilingi.